Rozari Mbili Mpaka Kanama

Nimewaachia funguo za gereji, na magoti yangu yamefurahi kuliko mimi. Nyinyi mliobaki mna kile kibao cha kioo: mnachomeka waya, mnasoma namba ya kosa, mnabadilisha kitu, mnapangusa mikono. Sawa. Lakini juzi nilimkuta mmoja wenu, simtaji, anajijua, ameshabadilisha sonda ya tatu kwenye pikipiki moja kwa sababu kibao kilisema shida ni sonda. Nikamwuliza, ekzosi umeiangalia? Akanijibu kwamba kibao hakikusema ekzosi. Ndiyo maana nimekaa na kalamu leo badala ya kulala.

Kwa msomaji asiye fundi: sonda ni kidude kama kidole, kimechomekwa kwenye bomba la ekzosi, kazi yake ni kunusa moshi. Kikinusa hewa nyingi, kinaiambia kompyuta ya pikipiki, na kompyuta inaongeza petroli. Kikinusa hewa kidogo, inapunguza. Basi. Mengine ni mbwembwe.

Nimesoma mpaka darasa la nne. Nyumbani tunasema Kinyarwanda, ila spana nilijifunza kwa Kiswahili cha Goma, ambako petroli ni esansi na ndiyo ni njo, na mambo ya spana siwezi kuyasema kwa lugha nyingine yakakaa sawa. Mkikuta kosa la kuandika, lirekebisheni kimya kimya.

Ufundi sikuutafuta. Nilikuwa nauza mikate ya mafuta mbele ya gereji ya Mzee Balume, kule Goma, kabla hatujavuka mpaka kurudi nchini kwetu. Siku moja nati ilimponyoka ikaingia katikati ya injini, mahali mkono wake haukupita. Akaniangalia mimi, akaangalia mikono yangu.

"Mama Solange, mukono yako iko mudogo. Kuya hapa."

"Mikate yangu nani ataangalia?"

"Mikate haiendake popote. Kuya."

Niliitoa nati. Kesho yake ikamponyoka nyingine. Siku ya tatu nikamwuliza kama anaziangusha kusudi, akasema nikae basi niangalie zinavyoanguka. Nikakaa miaka kumi na mitatu.

Mzee Balume hakunifundisha kutoka kwenye kitabu. Alinifundisha kunusa. Alikuwa akisema, "Mashini haina mudomo, lakini iko na moshi na buji." Buji, yaani plagi, ndiyo ilikuwa barua yake: ikitoka nyeupe, injini ina njaa ya petroli, ikitoka na rangi ya maandazi yaliyoiva, iko salama, ikitoka nyeusi kama sufuria, imeshiba kupita kiasi. Alinifundisha pia kiraka chake. Barabara za Goma ni mawe ya volkeno, na mawe hayo hupiga bomba la ekzosi pale linapoungana na injini. Gasketi mpya za kuziba kiungo hicho zilikuwa hazipatikani. Mzee alichekecha mchanga mweusi wa volkeno kwa soksi ya nailoni, akachanganya na saruji kidogo na ute wa yai, akapaka kwenye kiungo, akawasha injini ili udongo ule ujikaushe wenyewe. Ukishakauka unaugonga na nyundo na nyundo inalia. Watu walivuka mpaka kutoka Gisenyi kuja kupakwa udongo wa Mzee Balume.

Tuliporudi nilifungua gereji yangu Gisenyi, kwenye barabara inayopanda kwenda Kanama. Mzee alinipa vitu viwili vya kuondoka navyo: soksi, na mita yake ya umeme, ile ya sindano, kioo kimepasuka pembeni. Kwa miaka ile ya mwisho wa tisini, mwanamke mwenye spana alikuwa kichekesho cha bure. Wanaume walileta pikipiki zao wakikaa karibu waone nitakosea wapi. Nilikosea mara chache. Mara moja ndiyo nataka kuwaeleza.

Asubuhi moja Issa alisukuma mlangoni kwangu pikipiki kubwa kama ng'ombe. Issa alikuwa muuguzi wa chanjo, Mwislamu wa hapa hapa mjini, mrefu, mpole, mbishi. Mashine ile ilikuwa ya mgeni mmoja aliyemaliza kazi yake akaiachia ofisi ya afya. Kila Alhamisi Issa alifunga sanduku la barafu nyuma akapanda Kanama, akaacha barabara kuu, akaingia njia za vilimani ambazo minibasi haziingii. Jiwe lilikuwa limepiga ekzosi, na injini ililia kama trekta.

Niliinama kutafuta kabureta, kile kikombe kinachochanganya petroli na hewa, ili nione pa kuanzia. Sikuiona. Nikazunguka upande wa pili. Sikuiona.

"Issa, kabureta wameiba?"

"Haiko nayo, Mama. Iko na injeksyo. Kompyuta njo inapima esansi."

"Kompyuta iko wapi?"

Akainua kiti, akanionyesha kisanduku cheusi. Nilikitazama kama mtu anavyomtazama mkwe aliyekuja bila kualikwa. Hakina skrubu ya kurekebisha, hakina sindano, hakina kitu cha kuzungusha. Nusu saa nzima nilifuata waya zake kwa kidole, moja moja, kuona inakokwenda, na Issa akachelewa kazini. Waya moja nyeusi ilishuka mpaka kwenye bomba la ekzosi, ikaishia kwenye kile kidole. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona sonda. Issa alikuwa na kijitabu cha Kifaransa alichoachiwa na mgeni, akanisomea: sonda ikiwa nzima na ya moto, umeme wake unacheza kati ya sifuri na volti moja, juu chini, juu chini, bila kutulia. Ukituama, kuna shida.

Nilimwambia ni mambo mazuri, lakini yeye amekuja kwa ekzosi. Nikapaka udongo wa Mzee Balume kwenye kiungo, umbali wa kidole kimoja juu ya sonda. Nikaukausha. Nikaugonga na nyundo, ukalia. Nilijisifu, sifichi. Mashine ya kompyuta, na kiraka cha ute wa yai.

Wiki ya kwanza hakuna neno. Wiki ya pili Issa akaniambia inakohoa ikipanda Kanama. Wiki ya tatu, Alhamisi, ilizimika kabisa kabla ya kufika. Alisubiri nusu saa, ikawaka kana kwamba haikufanya kitu, ikaenda kidogo, ikazimika tena. Jua likala barafu. Alirudi na sanduku lile lile, dawa zote za kumwaga.

Nilitoa buji. Nyeusi kama sufuria.

"Ni mlima," nikamwambia. Kila fundi wa hapa angesema hivyo. Kanama iko juu, hewa yake ni nyepesi, na pikipiki ya kabureta ikifika kule inashiba petroli, buji zinakuwa nyeusi. Ndiyo sababu sisi hushusha sindano ya kabureta ngazi moja, petroli ipungue, kwa wateja wa Kanama. Ni jambo la kwanza tunalofundisha.

"Mama Solange, kitabu inasema kompyuta inajua kama iko juu. Iko na kitu ya kupima hewa."

"Kitabu imefika Kanama?"

"Ata we hujaipanda na hii mashini."

Hapo alinipata. Na kwenye mashine ile hakukuwa na sindano ya kushusha. Nilisafisha buji, nikamrudishia.

Ijumaa mkuu wa ofisi ya afya alinipitia mwenyewe. Tulimwita Direkta. Alikulia Tanzania, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redio. Hakukaa.

"Mama, nimeelezwa kwamba pikipiki hii haifai kwa milima. Jumatatu itapakiwa kwenye lori kwenda Kigali."

"Huko itatengenezwa?"

"Huko itaegeshwa. Nisikudanganye."

"Na Issa?"

"Atapanda minibasi kama watu wengine."

Issa alikuwa amesimama nyuma yake, akasema polepole kwamba minibasi inaishia barabara kuu, na kutoka pale mpaka vituo vitatu vya mwisho ni mwendo wa miguu wa asubuhi nzima, na barafu haingoji mtu. Direkta alisema analijua hilo. Alilisema kwa huzuni. Lakini alikuwa na karatasi ya kujaza, na kwenye karatasi kulikuwa na mstari unaouliza sababu ya hitilafu, na sababu aliyokuwa nayo ni mlima.

"Nipe mpaka Jumatatu asubuhi," nikasema.

Mtu akikuambia sababu ni mlima, wewe ukamwambia mwingine, na yeye akaandika kwenye karatasi, hakuna hata mmoja kati yenu watatu aliyeupima mlima. Jambo hilo lilinikera kuliko lori. Kijitabu kilisema umeme unacheza. Mita nilikuwa nayo. Nilitaka kujua sindano inaacha kucheza wapi.

Nyinyi kibao chenu kinajiandikia chenyewe: dakika, volti, kila kitu, mnakuja kusoma baadaye mkinywa chai. Mimi ilibidi nikae nyuma ya Issa na mita pajani, waya umefungwa kwenye waya mweusi wa sonda, barabara ya mashimo, mkono mmoja umeshika mshipi wake. Kuandika haiwezekani. Saa ya mkononi sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho shingoni ni rozari, punje za kuhesabia sala.

Nilijipima kwanza gerejini kwa saa ya ukutani. Salamu Maria yangu moja, nisiposali kwa haraka kama mtu anayefukuzwa, inachukua robo ya dakika. Mafungu matano ya kumi kumi, rozari nzima, ni dakika kumi na mbili na ushee. Kila punje nitaangalia sindano. Punje itakayoikuta imelala haiamki, naifunga uzi mwekundu.

Issa alicheka mpaka akashika tanki. "Bikira Maria atapima esansi?"

"We endesha. Ungekuwa na tasbihi yako ningeazima, iko na punje mingi."

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliona mama mzima amevaa kitenge juu ya suruali, waya zinatoka chini ya kiti, mita mkononi. Miaka ile ya vita na mabomu, waya kwenye pikipiki haikuwa jambo la kuchezea. Alirudi nyuma hatua mbili, akaiweka bunduki begani, tayari kulenga.

"Shukeni! Hiyo ni nini?"

"Ni kama termometa," nikasema. "Mashini iko mugonjwa."

"Na rozari?"

"Hiyo ni saa."

Alitutazama, Mwislamu na Mkatoliki juu ya pikipiki moja yenye termometa. Akamwita mwenzake aje aone. Mwenzake akatazama, akasema tupite, ila saa kumi barabara inafungwa, na tukirudi tuwaambie mgonjwa amesemaje.

Sindano mwanzoni ilisimama katikati tu, sonda ilikuwa baridi. Kisha ikaamka. Sijui niwaeleze vipi. Nimefungua injini nyingi, lakini zote zilikuwa zimezimwa. Hii nilikuwa naiona inavyofikiri. Juu, chini, juu, chini, kama mtu anayeonja mchuzi: chumvi kidogo, hapana, maji kidogo, hapana, chumvi kidogo. Nusura nisahau kusali. Rozari ya kwanza yote ilicheza. Tukaingia ya pili. Fungu la kwanza, inacheza. Fungu la pili, punje ya tatu, sindano ilianguka chini karibu na sifuri na kulala. Punje ya nne, imelala. Ya tano, imelala. Nikafunga uzi. Punje chache baadaye Issa alianza kulalamika injini nzito, nami nikasikia harufu ya petroli mbichi. Ikazimika kwenye kona.

Sifuri, kwa kijitabu, ni hewa: sonda ilikuwa inasema hewa, hewa, hewa nyingi. Kompyuta, mtumishi mtiifu, ilikuwa inaongeza petroli, inaongeza, mpaka buji zikazama. Lakini moshi ulikuwa mweusi. Moshi mweusi hauna hewa nyingi. Mmoja wao alikuwa anadanganya.

Tulisubiri ikapoa, tukafika Kanama kidogo kidogo. Mama mmoja alitoka kwenye shamba la viazi na mtoto mgongoni, akaja mpaka kwenye pikipiki, akaangalia nyuma ya kiti. Aliuliza kwa Kinyarwanda sanduku liko wapi. Issa akamwambia leo wanajaribu mashine tu. Mama yule akasema Alhamisi alingoja mpaka jioni, na mtoto amebakiza sindano moja. Hakusema kwa ukali. Aliposema hivyo aliendelea kusimama pale, kana kwamba sanduku lingeweza kutokea bado. Nikajifanya nakaza waya.

Tulikaa saa nzima ili injini ipoe kabisa, ndipo nikasema tushuke. Issa hakuelewa.

"Shida iko kwenye kupanda. Kushuka tutaona nini?"

"Kama ni mlima, hapa juu njo kwenye ubaya mwingi. Sindano italala kuanzia hapa, na tukishuka itaamka. Twende tuone kama mlima ndio mwenye kosa."

Sindano ilicheza kule juu kabisa, vizuri kuliko asubuhi. Kwenye mteremko ililala ghafla, nikashika uzi, kumbe Issa alikuwa ameachia gesi, mkono wa kuongeza mwendo, na mashine ile ukiachia gesi inafunga petroli yote, sonda inanusa hewa tupu. Nikampiga begani: "Gesi! Shika gesi kidogo!" Ikaamka. Hilo nalo nikajifunza, na sikuwa nimeliomba. Rozari ya kwanza, inacheza. Ya pili, fungu la kwanza, la pili, la tatu, inacheza. Fungu la nne, punje ya kwanza, tukiona paa za Gisenyi na ziwa chini, ikaanguka na kulala. Nikafunga uzi wa pili. Tukazimikia kwenye kizuizi kile kile, mbele ya askari wale wale.

Uzi wa kwanza juu, uzi wa pili chini. Mlima ulikuwa hauhusiki. Kilichofanana kati ya nyuzi zile mbili ni muda: injini iliyokuwa baridi ilifanya kazi rozari moja na sehemu, ikapata moto wa kutosha, ndipo sonda ikaanza kusema uongo. Wakati wa kupanda ilifika haraka, maana injini ilisukuma. Wakati wa kushuka ilichelewa. Na kitu kilichopata moto kikabadilika, halafu kikapoa kikarudi kama kilivyokuwa, kilikuwa umbali wa kidole kimoja juu ya sonda. Nilijua kabla sijainama. Nadhani magoti yalijua kabla yangu.

"Washa," nikamwambia Issa. Ilikataa mara mbili, ikawaka kwa shida. Askari alikuwa anavuta sigara. Nikaomba.

"Mama, na rozari shingoni?"

"Lete."

Ni sigara pekee niliyowahi kushika maishani. Niliinama nikasogeza moshi wake karibu na kiraka changu. Moshi ulisukumwa kando, kisha ukavutwa ndani, ukasukumwa, ukavutwa. Udongo wa Mzee Balume ulikuwa umepasuka ufa mwembamba kama unywele. Ukiwa baridi ulijifunga. Ukiwa wa moto ulifunguka. Kila injini ilipotoa pumzi, bomba lilivuta hewa ya nje kupitia pale, na sonda ilinusa hewa ile ikadhani inatoka ndani ya injini. Sonda haikudanganya hata siku moja. Ilisema ilichonusa.

Askari akauliza, "Sasa mugonjwa amesema nini?"

"Amesema ni mimi," nikamjibu, nikamrudishia sigara yake.

Kurekebisha kulikuwa kazi ndogo. Nilibandua udongo wote, nikavua waya mnene wa shaba kutoka kwenye kebo ya zamani, nikaukunja pete, nikauchoma kwenye mkaa mpaka ukawa mwekundu ili ulainike, nikauponda ukajaa kiungo, nikakaza. Jumapili baada ya misa tulipanda tena. Rozari mbili mpaka Kanama, na mbili kurudi, na sindano ikacheza kwenye kila punje ila pale Issa alipoachia gesi. Buji zilitoka rangi ya maandazi.

Mchana huo huo nilivuka mpaka kwenda kwa Mzee Balume. Nilimkuta uani anakunywa chai. Nilimweleza yote. Alisikiliza, kisha akanuna.

"Udongo yangu inapasukaka tangu ningali kijana. Nani alishalalamika?"

"Hakuna."

"Donc? Sasa?"

"Kabureta haina pua, Mzee. Ekzosi ikivuja, inapiga kelele tu, kabureta haijali. Hii iko na pua."

Akaweka kikombe chini. "Iko na pua? Kwenye ekzosi?" Kununa kukamtoka. Akataka nimchoree kwenye vumbi: bomba, ufa, sonda, waya, kisanduku. Akauliza inanusa vipi, nikasema sijui. Akauliza ikinusa vibaya nani anairekebisha, nikasema hakuna. Akatikisa kichwa. "Bon. Si udongo njo mubaya. Ni moto yenu, ile pikipiki, iko na kiburi."

Kisha nikamwambia habari ya karatasi ya Direkta, na mstari wa sababu. Mzee alifikiri kidogo tu.

"Andika jina yangu. Andika udongo ni ya Balume. Mi niko ng'ambo, watanipata wapi?"

Tulicheka. Lakini nilipokuwa narudi kwa miguu mpaka kwenye kizuizi cha mpaka nilikuwa nalifikiria neno lile, na sikulifikiria kwa kucheka.

Jumatatu asubuhi lori lilikuwa tayari limesimama mbele ya ofisi, ubao wa nyuma umeshushwa. Direkta aliipanda pikipiki mwenyewe, akazunguka nayo, akarudi ameridhika. Akatoa karatasi.

"Tuandike nini, Mama? Mlima?"

"Si mlima."

"Petroli?"

"Si petroli."

Akaweka kalamu chini. "Nisikilize vizuri. Nikiandika mlima au petroli, watasema mashine haifai kwa eneo hili, na lori lile litaondoka nayo hata kama imepona. Nikiandika kosa la fundi, mashine inabaki. Lakini fundi aliyeandikwa hapa hawezi kuigusa tena mashine ya ofisi. Hiyo ndiyo kanuni, sikuitunga mimi."

Issa alisema, "Kuna ule Mzee wa Goma. Udongo ni yake."

Kumbe naye alikuwa amefikiri.

"Yeye alinipa soksi," nikasema. "Mkono ni wangu."

Nilimwomba Direkta kalamu. Sikuwa nimewahi kuandika kwenye karatasi ya serikali zaidi ya jina langu. Nilichukua muda, na hawakunisaidia, nawashukuru kwa hilo. Niliandika: Fundi aliziba ekzosi kwa udongo juu ya sonda. Udongo ulipasuka. Mashine ni nzima. Nikatia jina. Direkta akasoma, akasema sonda inaandikwa hivyo hivyo, akagonga mhuri. Dereva wa lori akapandisha ubao.

Tangu siku hiyo pikipiki ile ilipelekwa kwa fundi mwingine wa mjini, mtu mwema. Nilimfundisha mambo ya sonda nikiwa nimesimama nje ya mlango wake, maana ndani sikuruhusiwa, na mita nilimwazima. Mashine yenyewe sikuigusa tena mpaka ilipochakaa, na ilichakaa baada ya miaka mingi. Mliozoea kuniuliza kwa nini sikubali udongo wowote kwenye ekzosi, hata kwa mteja anayelia, sasa mnajua.

Lakini gereji iko kwenye barabara ya Kanama, na masikio hakuna aliyeyaandika kwenye karatasi. Alhamisi ya kwanza nilimsikia Issa anatoka mjini. Alipofika mbele ya mlango wangu alipunguza, injini ikabaki inanguruma polepole. Sanduku lilikuwa limefungwa nyuma kwa mpira. Hakushuka.

"Mama Solange! Unaisikia?"

"Nasikia. Pita, barafu inayeyuka."

Akapita. Niliacha spana, nikashika punje ya kwanza. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kona ambayo sauti inapotelea ni Salamu Maria nane. Nilihesabu nane, haikukohoa. Nikaendelea kuhesabu na sauti haipo tena, rozari ya kwanza, kisha ya pili, nikapita uzi wa kwanza, nikapita uzi wa pili. Kisha nikarudi kwenye kazi ya mtu aliyekuwa ananisubiri.

Jioni aliporudi alipunguza tena pale pale. Alifungua kifuniko cha sanduku, akaligeuza kichwa chini ili nione. Yakadondoka maji tu, hakuna chupa hata moja ya dawa iliyorudi.